Milwaukee na funga: safari yetu na Wildcats, Machi 2025

Jumapili, 16 Machi

Kentucky hatuna timu ya NBA, hilo ulielewe kwanza. Jimbo zima hakuna. Kuna farasi, kuna bourbon ambayo mimi hainihusu, na kuna basketi ya chuo, basi. Kwa hiyo ile ambayo Bongo tunaigawa Simba na Yanga, huku mapenzi yote yamerundikwa kwenye timu ya wanafunzi wa University of Kentucky, wana-bluu, Wildcats, yaani paka mwitu, ukiondoa watu wa Louisville ambao wana chuo chao na tunawaombea dua.

Leo ratiba ya March Madness, yale mashindano ya mtoano ya basketi ya vyuo, imetoka. Tumekaa kwa Kinyozi (saluni Jumapili imefungwa ila tivii haifungwi), mimi nimefunga Ramadhani, nahesabu dakika za magharibi, yeye anakula chipsi za pakiti mbele yangu bila haya. Tukaitwa: namba 3 kwa ubora kanda ya Midwest, tunacheza na Troy ya Alabama, Milwaukee. Kinyozi akaniangalia. "Ndugu, Milwaukee ni wapi kule? Iko mbali?" Nikamwambia iko juu ya Chicago, kama kilomita mia saba na kitu. Akasema basi si mbali. Mkongo ambaye ameshapanda lori kutoka Lubumbashi mpaka Kasumbalesa enzi za barabara mbovu ukimwambia mia saba za lami anaona unamtania.

Kinyozi ndo kaniingiza kwenye haya mambo, niseme tu. Kabla ya 2021 mimi basketi nilikuwa naijua ya kusikia. Afu akaja Oscar Tshiebwe, mtoto wa Lubumbashi, akahamia Kentucky kutoka West Virginia, na saluni ikageuka uwanja. Tarehe 22 Desemba 2021 wanacheza na Western Kentucky, Oscar akaokota ribaundi 28, ishirini na nane mtu mmoja, rekodi ya Rupp Arena, ukumbi wetu, watu wanashuka kwenye viti vya kunyolea na nusu kichwa. Msimu ule alimaliza na wastani wa pointi 17.4 na ribaundi 15.1, akachukua tuzo zote za mchezaji bora wa vyuo Marekani. Tangu siku ile mimi ni kindakindaki. Oscar keshaondoka, mimi nipo.

Jumatano, 19 Machi

Mzee kakubali kwenda. Mzee ni jirani yangu, mstaafu, Mmarekani wa milimani huko mashariki ya Kentucky, kaunti ya Harlan, babake alikuwa kwenye mgodi wa makaa. Huyo kaanza kuipenda hii timu kwa redio, anamtaja mtangazaji wao Cawood Ledford, mtu wa Harlan naye, kama sisi tunavyowataja watangazaji wa RTD, Redio Tanzania ya zamani, waliokuwa wanakuchezea mpira sikioni mpaka unauona. Anasema mgodini watu walikuwa wanapishana zamu kwa kuuliza matokeo. Nikimsikiliza naona kabisa kibanda cha Tandale na redio ya mkulima.

Bei ya tiketi siandiki hapa, mke wangu anasoma.

Alhamisi, 20 Machi

Nimekula daku, nimeswali alfajiri, tumeondoka na Camry yangu, ambayo imetengenezwa Georgetown hapo jirani kwenye kiwanda cha Toyota, kwa hiyo gari nayo ni mwana-Kentucky. Louisville, tukavuka mto Ohio, tukaingia Indiana, I-65 moja kwa moja. Indiana ni tambarare mpaka inachosha. Ukipita Lafayette ndo unakuta yale mapanga ya umeme wa upepo, mamia kwa mamia pande zote mbili za barabara, yanazunguka taratibu, na Kinyozi akatoa simu akarekodi video mpaka chaji ikaisha.

Kuna kitu huko njiani nilijifunza kwa njaa. Ukikaribia Chicago saa inarudi nyuma saa nzima, nikafurahi moyoni, afu nikakumbuka jua halina habari na saa za Wamarekani. Tena ukielekea magharibi ndo linachelewa kuzama, kwa hiyo mimi leo nimefunga dakika kama kumi na tatu zaidi ya wenzangu wa Lexington, mji wetu. Najua, najua, msafiri ana ruhusa. Lakini kulipa peke yako mwezi wa saba jua la joto wakati nyumba nzima wanakula, hapana, bora niimalize na wenzangu.

Chicago foleni. Sina la kuongeza.

Milwaukee tumefika alasiri, baridi ya ziwa Michigan inakupenya kwenye mifupa hata ukivaa majaketi mawili. Hoteli imejaa watu wa bluu. Kwenye lifti bibi mmoja mtu mzima kabisa, kavaa sweta ya paka, akatuona na fulana zetu akasema "Go Big Blue", tukamjibu, basi tukawa ndugu. Hiyo ndo salamu. Haijalishi unatoka wapi wala lafudhi yako ikoje, ukijibu hivyo umepita.

Ijumaa, 21 Machi

Siku ya mechi. Fiserv Forum, ukumbi wa Milwaukee Bucks, anakochezea Giannis. Mchana walicheza Iowa State na Lipscomb, afu Ole Miss wakamtoa North Carolina, watu wakatolewa nje wote, tukaingia sisi wa jioni.

Sasa hesabu yangu ilikuwa hivi. Mechi inaanza saa kumi na mbili na dakika kumi jioni kwa saa za huku, magharibi inaingia saa moja na dakika chache, maana yake futari inaangukia kwenye mapumziko, vyuo wanacheza vipindi viwili vya dakika ishirini ishirini. Kama nimepanga mimi ratiba ya NCAA, wale wenye michezo ya vyuo! Chakula cha nje hakiingii, lakini tende tano kwenye mfuko wa jaketi nani atazisumbua, mlinzi alizigusa akauliza nini hii, nikamwambia nimefunga, akaniambia hata yeye jirani yake kafunga, pita kaka.

Kabla sijaenda mbali niwaeleze hii timu maana ni kituko. Mwaka jana, Machi 2024, tulifungwa na Oakland, chuo ambacho wengi hata hatukujua kiko Michigan, 80 kwa 76, jamaa mmoja anaitwa Jack Gohlke alitufunga mitupo ya pointi tatu mara kumi. Kumi! Na 2022 tulikuwa tumeshatolewa na Saint Peter's raundi ya kwanza ileile, 85 kwa 79 muda wa nyongeza, Oscar kafunga 30 na kuokota 16 na bado tukaenda nyumbani. Baada ya Oakland kocha John Calipari akaondoka zake Arkansas. Akaja Mark Pope, mtu wetu, alikuwa kapteni wa timu iliyochukua ubingwa 1996. Siku anatambulishwa Rupp ilijaa mpaka juu, kwa ajili ya mtu kusimama na maiki tu, hakuna mechi. Na Pope akakuta kabati tupu. Hakuna mchezaji hata mmoja wa maana aliyebaki, ikabidi asajili timu nzima: Otega Oweh kutoka Oklahoma, Koby Brea kutoka Dayton, Lamont Butler kutoka San Diego State, Andrew Carr wa Wake Forest, Amari Williams Mwingereza wa Nottingham alikuwa Drexel. Watu ambao mwaka jana hukuwajua, mwaka huu unawakosesha usingizi watoto kwa kuwashangilia.

Na ndo swali ambalo mke wangu huniuliza kila Oktoba, kwamba wewe unampenda nani hasa. Simba hata wakisajili vipi kuna mtu atakaa miaka mitano. Huku mtoto unamzoea Novemba, Aprili keshaaga. Mimi jibu sina la kitabuni, namwambia tu njoo Rupp siku moja, watu elfu ishirini na ushee, uone kama utauliza tena.

Haya. Troy wakaja na ubavu wao, wakasukuma sukuma mwanzoni, lakini sisi tukatulia. Mapumziko yakafika, muda ukafika, nikatoa tende. Mzee, Mbaptisti yule, alikuwa kaenda foleni muda tu, akarudi na chupa ya maji akanikabidhi bila kusema neno, kumbe alikuwa anaangalia saa kuliko mimi. Kinyozi naye akaomba tende moja. Nikamwambia wewe umekula soseji mbili mbele yangu. Nikampa.

Kipindi cha pili ikawa raha, Oweh kamaliza na 20, Amari anaokota kila kinachodondoka, 76 kwa 57. Jukwaa zima likawa linaitana C, A, T, S, herufi moja moja mpaka koo linakauka tena. Tumepita raundi ya kwanza. Kwa timu nyingine hiyo si habari, kwetu baada ya Oakland watu wazima walikuwa wanafuta macho na wanasingizia baridi.

Jumamosi, 22 Machi

Mapumziko. Tumezunguka kando ya mto, Kinyozi kapiga picha na lile sanamu la shaba la Fonz bila kujua ni nani, Mzee akajaribu kumweleza ule mchezo wa tivii wa zamani, hakuelewa. Jioni nimefuturu na jibini la kukaanga, yale mavipande wanayojivunia Wisconsin, ukiuma linavutika, Kinyozi anasema haya yangefaa na bukari, ugali wa kwao.

Usiku chumbani tukabishana pesa. Mzee haipendi hii ya sasa ya wachezaji kulipwa na kuhama hama, anasema imeua uaminifu, zamani mtoto anakaa miaka minne. Namheshimu lakini hapo sikubaliani naye na nilimwambia. Kuanzia Julai 2021 wachezaji wa vyuo wameruhusiwa kuuza jina na sura zao, matangazo, saini, nini na nini. Oscar wetu wakati huo ndo mchezaji bora nchi nzima, anajaza ukumbi, jezi zinauzwa, lakini yeye alikuwa na viza ya mwanafunzi, na ile viza hairuhusu kufanya kazi ya namna hiyo ndani ya Marekani. Wenzake wanapiga matangazo, yeye anaangalia. Mpaka timu iliposafiri Bahamas Agosti 2022 kucheza mechi za kirafiki, ndo akafanya kazi zake zote hukohuko, picha, saini, matangazo, haraka haraka, kwa sababu yuko nje ya mpaka. Kinyozi hiyo stori anaisimulia kila mteja. Mtu amewekewa geti, akatafuta dirisha. Na msimu uliofuata akarudi Kentucky kucheza tena, wakati mchezaji bora wa taifa huwa harudi. Sasa uaminifu gani tena mnautaka?

Mzee akanyamaza kidogo, akasema Oscar ni tofauti. Tukalala.

Jumapili, 23 Machi

Illinois. Hawa kwao ni hapo tu chini, Chicago kote ni watu wao, kwa hiyo ukumbi uligeuka rangi ya chungwa, sisi bluu tumejaa upande wetu lakini wao walikuja na ukoo mzima. Mechi mapema, saa kumi na robo.

Hii ndo mechi niliyoifurahia mwaka mzima na nimeiona ile ya Duke Novemba, 77 kwa 72, kwa macho mawili kwenye tivii. Brea ana ule mkono, bana, anapokea anarusha palepale, kiwiko hakitetemeki, mpira unapanda juu sana afu wavu unalia tu chwaa. Alifunga 23. Butler bega lina jeraha, kavaa kile kifungio, na bado anamnyima mtu hewa uwanja mzima. Na kumbuka hatuna Jaxson Robinson, mkono umefanyiwa upasuaji, hatuna Kerr Kriisa, mguu. Tumecheza na waliopo. Kila Illinois wakisogea mtu mmoja anajibu. 84 kwa 75.

16 bora! Mara ya mwisho tuliingia 2019. Mzee alinikumbatia nikahisi mbavu. Mbele yetu kulikuwa na baba na binti yake wametoka Pikeville, tumeshinda siku tatu tunakutana nao, tukapiga nao picha na hata majina hatukuulizana.

Jumatatu kazi, kwa hiyo tumegeuza usiku huohuo. Nimefuturu kwenye sheli karibu na Kenosha, tende na chapati alizofunga mke wangu kwenye foili, zimeshakuwa ngumu lakini nani anajali. Kinyozi ameendesha Indiana yote, anaimba kwaya, mimi nikawa macho kwa lazima.

Jumatatu, 24 Machi

Tumeingia Lexington muda wa daku. Daku nimekula nimesimama. Kazini nilikuwepo kimwili. Leoleo dirisha la usajili la vyuo limefunguliwa, yani sisi bado tuko mashindanoni na watu tayari wanajadili nani anaondoka nani anakuja. Kinyozi katuma sauti ya dakika nne: "Ndugu, mwaka ijayo itakuwa wapya wote tena, ninakuambia." Sijaisikiliza yote.

Ijumaa, 28 Machi

Indianapolis, masaa matatu tu. Na mpinzani ni nani? Tennessee. Mtani wa jadi. Tumempiga mara mbili msimu huu, kwake Knoxville 78 kwa 73, na Rupp 75 kwa 64. Kila mtu wa bluu njiani anaringa. Mzee hakuringa. Kwanza alisema kumpiga mtu mara tatu msimu mmoja ni kazi. Pili akasema tarehe haipendi, maana 28 Machi 1992 ndo Christian Laettner wa Duke alitufunga sekunde ya mwisho, 104 kwa 103, ile Philadelphia, na ndo ilikuwa mechi ya mwisho ya Cawood Ledford kututangazia. Miaka thelathini na mitatu, na bado akiitaja anazima redio ya gari. Nilimwambia Mzee, sisi Waislamu hatuna tarehe za nuksi. Akasema subiri.

Uwanja ni Lucas Oil, wa futiboli ya Kimarekani, wa Colts. Basketi imewekwa katikati ya uwanja mkubwa kama soko la Kariakoo zima limepewa meza moja. Sisi viti vyetu juu, tulikuwa tunaangalia skrini zaidi ya watu. Halafu chungwa tena! Wiki iliyopita chungwa, wiki hii chungwa. Na waliobaki dhahabu na nyeusi, Purdue, maana chuo chao kiko saa moja tu kutoka pale na wao wanacheza na Houston baada yetu.

Futari iliingia katikati ya kipindi cha kwanza, saa mbili na dakika chache, na nakuapia nilikula ile tende bila kujua ladha. Zakai Zeigler, kijana mfupi kuliko wote uwanjani, alikuwa anapita katikati yetu anavyotaka, anafunga, anagawa. Brea akipokea tayari kuna mtu kifuani. Mapumziko 43 kwa 28. Hapo ndo unaanza kuhesabu kwa matumaini, kwamba tukifunga sita haraka, kwamba wakichoka. Hawakuchoka. 78 kwa 65. Tumetoka.

Watu wa bluu hawakuondoka haraka. Wachezaji wakiwa wanatoka jukwaa letu lilisimama likapiga makofi, marefu, na wengi wa wale vijana ilikuwa mwaka wao wa mwisho: Butler, Brea, Carr, Amari. Msimu mmoja tu wamekaa nasi. Kinyozi alipiga makofi mpaka mwisho kabisa, akakaa, akasema walitupa kila kitu ile walikuwa nayo.

Tulibaki kuangalia Purdue kwa sababu tiketi ni moja. Wamefungwa na Houston 62 kwa 60, layapu ya Milos Uzan imebaki chini ya sekunde moja. Uwanja mzima wa kwao ukazizima ghafla. Afadhali sisi tulijua mapema.

Jumamosi, 29 Machi

Nyumbani usiku wa manane na zaidi, daku ya mwisho labda, wanaangalia mwezi leo. Njiani hatukuzungumzia Tennessee hata kidogo, tulizungumzia kama Oweh atarudi msimu ujao au anaenda NBA. Mzee anasema anaenda. Mimi nasema anarudi. Kinyozi anasema kama yuko na akili atarudi, Oscar alirudi.

Jioni mwezi umetangazwa, Idd kesho. Kinyozi katuma ujumbe pilau yake niiweke kwenye kontena kubwa si lile la mwaka jana, na kwamba Mzee ameshamuuliza tiketi za Rupp za msimu ujao zinaanza kuuzwa lini, tuchukue tatu pamoja ili zishuke bei. Nimemwambia kaka, hilo njoo uliseme wewe mwenyewe kesho mbele ya shemeji yako, ukiwa umeshakula.